Alama ya Gambuti Juu ya Bomba la Pikipiki

Mvua za masika zinapoanza, watu wengi hutoa gambuti zao, na hapo ndipo mwenye pikipiki aanzapo kuona jambo asilolipenda. Abiria huteremka, hulipa nauli yake, akaenda zake; na juu ya bomba la moshi, ambalo asubuhi liling'aa kama kioo, kumebaki kipande cheusi kilichoganda kama lami. Kadiri pikipiki inavyoendelea kwenda, kipande kile huzidi kuokwa, na harufu yake humfuata dereva njia nzima.

Jambo la kwanza ambalo wasikilizaji yawapasa kulifahamu ni kwamba alama ile haidhuru chuma. Huudhi macho, basi. Kinachodhuru ni haraka ya mtu anayetaka kuiondoa siku ile ile kwa kisu, kwa msasa, au kwa kitu cho chote kilichoko karibu na mkono wake.

Bomba lenyewe ni la chuma cha kawaida, chenye kushika kutu upesi. Kiwandani hutiwa tabaka la nikeli kwa nguvu za umeme, kisha juu yake tabaka la kromu. Kromu ni ngumu kuliko chuma, lakini tabaka lake ni jembamba mno. Mara nyingi halifiki hata mikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una unene unaozidi huo mara 50 au zaidi. Tabaka hilo likichunwa, na nikeli iliyo chini yake ikitoboka, maji hupenya na kutu hutambaa kwa siri mpaka ngozi yote ya juu ibanduke. Hapo hapana dawa ila kulipeleka bomba kutiwa kromu upya au kununua jingine, na kwa mtu anayetafuta riziki kwa kubeba abiria, hayo ni mapato ya siku nyingi.

Tena viatu havifanani. Gambuti nyingi za siku hizi, na kandambili pia, ni za plastiki, nazo huyeyuka zigusapo bomba, ambalo joto lake huweza kupita digrii 200. Viatu vya akala, vilivyokatwa katika magurudumu ya gari, haviyeyuki namna hiyo. Mpira wake huungua tu na kuacha doa kavu. Doa la plastiki ndilo linalong'ang'ania zaidi, lakini ndilo pia linalolegea upesi likipata joto.

Kwa hiyo kazi huanza kwa joto. Pikipiki huwekwa nje, mahali penye upepo, wala si ndani ya nyumba au banda lililofungwa, kwa kuwa moshi wa injini huua mtu bila ya kumwonya. Injini huwashwa kwa dakika mbili tatu, kisha huzimwa. Mwenye kazi, akiwa amevaa glavu nene, huchukua kipande cha mbao kilichochongwa ncha bapa, mfano wa mwiko mdogo, akasukuma ile plastiki iliyolainika. Sehemu kubwa hutoka hapo. Likipoa kabla ya kazi kwisha, hulipasha tena. Hapana haja ya kulazimisha.

Kisha bomba huachwa lipoe kabisa, hata mkono uweze kulishika bila ya shida. Kwa mabaki membamba hutumika asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, iliyotiwa katika kitambaa na kuachwa juu ya doa kwa muda kidogo. Asetoni hushika moto upesi sana, basi asiwepo ye yote anayevuta sigara karibu. Vile vile huharibu rangi na plastiki nzuri, na kwa sababu hiyo haifai kwa bomba lililopakwa rangi nyeusi, kama yalivyo mabomba ya pikipiki nyingi za bei nafuu. Bomba la namna hiyo litosheke na ule mwiko na maji ya sabuni.

Doa likisalia bado, karatasi ya alumini ya jikoni hukunjwa kama donge, ikachovywa majini, ikasugua taratibu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa uchafu bila ya kuikwaruza. Waya wa kusugulia sufuria haufai: punje zake hukwaruza, na vipande vyake vinavyobaki hushika kutu.

Wako watu wasemao kwamba petroli yatosha. Petroli juu ya bomba lenye moto ni kuita ajali. Wengine hutumia maji ya betri. Tindikali ile hula chuma po pote inapopata upenyo, na huunguza ngozi ya mtu. Dawa za kusafishia breki nazo ni za kuangaliwa, maana baadhi yake zina klorini, na zikipata joto kali huweza kutoa hewa ya sumu inayodhuru mapafu.

Mwisho bomba huoshwa kwa sabuni, hufutwa kwa kitambaa kikavu na kuangaliwa lisiwe na alama za vidole, kwani mafuta ya mkono yakiokwa juu ya kromu huacha doa jipya. Na kwa kuwa pikipiki nyingi zinazobeba abiria nchini Kenya zina bomba upande wa kulia, dereva humwambia abiria apandie na kuteremkia kushoto, kisha humwonyesha mahali pa kuweka mguu kabla ya kung'oa. Mwenye gambuti huokoa kiatu chake, na aliyevaa kandambili huokoa ngozi ya mguu.