Msumari Mmoja wa Paa: Maneno juu ya Shida ya Kumpata Fundi

Maneno ya juma hili yahusu kazi ndogo za kutengeneza nyumba, na taabu ya kumpata fundi wa kuzifanya.

Mfano wake ni huu. Mama mmoja ana nyumba ya mabati nje ya mji wa Machakos. Msumari mmoja wa paa umelegea, kwa kuwa bati hutanuka kwa jua la mchana na kunywea kwa baridi ya usiku, na tundu la msumari huzidi kupanuka. Mvua ikinyesha, maji hudondoka juu ya kitanda cha watoto. Dawa yake ni msumari mpya wenye raba chini ya kichwa, na lami kidogo. Kazi ya robo saa. Lakini fundi wa kwanza alisema atakuja Jumatatu, asionekane. Wa pili alichukua fedha za misumari akatoweka. Wa tatu, fundi hodari, alisema wazi kwamba hana nafasi. Mvua za vuli zikaja zikapita, na mbao iliyo chini ya bati ikaanza kuoza.

Yule wa pili ni mwizi, na hapana neno jingine la kumwita. Lakini yafaa mwenye nyumba aifanye hesabu ya yule wa tatu. Akiajiriwa penye jengo jipya, fundi huyu hupata ujira wa siku nzima, na kesho yake kazi ipo. Akiitwa kupigilia msumari mmoja, hana budi kulipa nauli ya matatu, kutafuta njia ya kuchukua ngazi, na kupoteza asubuhi yake. Kisha mwenye nyumba humwambia, "Mbona umefanya dakika chache tu?" na kumpunguzia fedha. Fundi aliyetendewa hivyo harudi, wala hastahili lawama.

Wala si kwamba Kenya haina mafundi. Chuo cha ufundi cha Kabete kilianza mwaka 1924, na mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, akaamuru wajengewe mabanda. Fundi hukaa mahali ambapo kazi humfikia. Sufuria iliyotoboka au jiko lililovunjika mguu hupelekwa kwake likarudi siku ile ile. Paa halibebwi kichwani.

Basi njia iliyo nyepesi ni majirani kukusanya kazi zao. Yule mama aliuliza nyumba tatu zilizo karibu: ya kwanza mlango ulikuwa umeng'oka bawaba, ya pili dirisha limevunjika kioo, ya tatu mfereji ukivuja usiku na mchana. (Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku, na maji hayo hulipiwa.) Walipatana na fundi ujira wa siku moja kabla hajashika nyundo, na fedha za nauli mbali. Misumari na raba walinunua wenyewe, baada ya fundi kuwaandikia vipimo.

Asiyemjua fundi na amwulize kama ana cheti. Mamlaka ya NITA huwafanyia mtihani hata waliojifunza kazi kwa mikono bila kupita chuoni, kuanzia daraja la tatu mpaka la kwanza. Kazi ya umeme iko mbali na hizi: sheria ya Kenya yataka mwenye kuifanya awe na leseni ya EPRA, hata kama jirani asema kwamba ajua kuunga waya.

Fundi alifika Machakos saa moja asubuhi, ngazi yake juu ya mkokoteni. Alianza na paa. Mbao ilikuwa imeoza urefu wa mkono mmoja tu, akaikata akaunga nyingine, na saa nne alikuwa ameshuka kwenda kwenye mfereji wa jirani.