Elimu ya Biashara na Kompyuta Isiwe Pambo la Shule

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule za sekondari na maofisa wa elimu.



Nimeombwa nizungumze juu ya mafunzo ya biashara na ya kompyuta katika shule zetu za sekondari. Wako watu wanaoliona jambo hili kuwa ni la wataalamu peke yao. Mimi naliona kuwa ni jambo la haki. Mkulima anayepeleka korosho zake katika ghala kwa utaratibu wa stakabadhi hurudi nyumbani na karatasi mkononi. Kama nyumbani kwake hakuna mtu hata mmoja awezaye kuisoma karatasi ile, kuilinganisha na malipo yaliyoingia, na kuuliza makato haya yametoka wapi, basi mkulima huyo yumo mikononi mwa karani. Akipata karani mwaminifu, ni bahati yake. Na haki ya mtu haifai kuachwa itegemee bahati. Mtoto wa mkulima huyo yumo darasani mwetu. Tunamfundisha nini?

Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, ilitukumbusha kwamba shule imtayarishe kijana kwa maisha atakayoishi kweli. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, sayansi kimu na biashara. Chuo cha Elimu ya Biashara kilikuwa kimekwisha kufunguliwa Dar es Salaam tangu mwaka 1965. Wanafunzi wa mchepuo wa biashara walijifunza utunzaji wa vitabu vya hesabu, upigaji chapa na hati mkato, na wengi wao wakawa nguzo ya ofisi zetu. Lakini tuseme kweli: mara nyingi mafunzo hayo yalielekezwa kwenye meza ya ofisi, na kijana aliyekosa meza hiyo aliona kwamba hakupata kitu. Aliyerudi kijijini hakudhani hata kidogo kwamba leja aliyoijua ingeweza kukisaidia chama cha ushirika cha wazazi wake.

Historia ya kompyuta nchini nayo ina fundisho lake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Hazina katikati ya miaka ya 1960. Kazi ya hesabu za Serikali ilipopelekwa kwenye mashine, mambo yakaharibika, ikabidi kurudi kwenye vitabu vya mkono; na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wengine huisimulia habari hiyo kwa kucheka. Sioni cha kuchekesha. Nchi maskini ilikuwa imetumia fedha za kigeni kununua vyombo ambavyo watu wake walikuwa hawajaandaliwa vya kutosha kuviendesha. Fundisho ni kwamba mtu hutangulia, mashine hufuata. Leo tukiigawia shule mashine 20 pasipo mwalimu aliyeandaliwa, tunalirudia kosa lile lile.

Hali ya leo, Ndugu Walimu, haifanani na ile ya 1974. Huduma za kutuma fedha kwa simu zilianza nchini mwaka 2008. Mwaka 2009 waya wa mawasiliano upitao chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Tangu mwaka 2010 wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani walianza kutakiwa kutoa risiti kwa mashine za kielektroniki. Muuza mboga sokoni anapokea malipo kwa simu na kulipa deni kwa simu. Kompyuta imetoka ofisini ikaingia mfukoni mwa mwananchi, na biashara imeingia humo humo. Ndiyo maana mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeliweka somo la biashara miongoni mwa masomo ya lazima. Huo ni uamuzi mwema. Lakini mtaala ni maandishi tu mpaka mwalimu autie uhai.

Basi tufundishe nini, na kwa njia gani?

Kwanza, hesabu itangulie mashine. Utaratibu wa kuandika kila shughuli mara mbili, upande wa debiti na upande wa krediti, ulichapwa katika kitabu cha mtawa wa Kiitaliano, Luca Pacioli, mwaka 1494. Programu ya kwanza ya majedwali ya hesabu kwa kompyuta ndogo, iliyoitwa VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Kati ya miaka hiyo miwili zimepita karne karibu tano, na kanuni ya hesabu haikubadilika. Mashine imeongeza kasi tu.

Nitoe mfano. Duka la shule limenunua madaftari 100 kwa shilingi 500 kila moja, jumla shilingi 50,000. Limeuza madaftari 80 kwa shilingi 700, jumla shilingi 56,000. Mwanafunzi asiyefundishwa atasema faida ni shilingi 6,000, na akiiambia kompyuta itoe 50,000 katika 56,000, kompyuta itamjibu hivyo hivyo bila kusita. Lakini madaftari yaliyouzwa yalinunuliwa kwa shilingi 40,000, kwa hiyo faida ni shilingi 16,000, na madaftari 20 yenye thamani ya shilingi 10,000 bado yapo rafuni. Sasa tuchukulie kwamba fedha zikihesabiwa zinaonekana shilingi 53,000. Shilingi 3,000 ziko wapi? Je, kuna mtu aliyekopeshwa pasipo kuandikwa? Je, zimepotea? Je, zimeibwa? Mashine haina habari. Mwenye kuuliza ni mtu, na shule ndiyo inayomfundisha kuuliza.

Pili, masomo haya mawili yasiishi kama majirani wasiosalimiana. Katika shule nyingi mwalimu wa biashara anafundisha leja ubaoni, na mwalimu wa kompyuta, katika chumba kingine, anafundisha majina ya sehemu za mashine. Wakutane. Wanafunzi wa kidato cha tatu waandike kwanza mauzo ya duka la shule, au mapato ya bustani ya shule, katika daftari la fedha kwa wiki nne. Kisha wayahamishe kwenye jedwali la kompyuta na kuona kama majibu yanakubaliana. Yasipokubaliana, hapo ndipo somo linapoanza. Shule ina mradi, ina stoo, ina jiko. Kwa nini tuendelee kufundisha kwa hesabu za kampuni za kubuni, wakati magunia ya mahindi yanapokelewa pale pale dirishani?

Tatu, uchache wa vifaa usiwe kisingizio cha kutofundisha. Najua shule zisizo na umeme wa kutegemewa, na najua vyumba ambavyo mashine tano zinagombaniwa na wanafunzi 60. Hata hivyo kazi ya hesabu inaweza kugawanywa. Kwa kila mashine wakae wanafunzi wanne: mmoja anasoma stakabadhi kwa sauti, wa pili anaandika katika leja, wa tatu anaingiza tarakimu katika kompyuta, na wa nne anakagua. Baadaye wabadilishane nafasi, na waliobaki waendelee na vitabu vya mkono mpaka zamu yao ifike. Kwa njia hiyo wanajifunza pia kwamba anayeandika fedha na anayezikagua wasiwe mtu mmoja, kanuni ambayo uchumi wa nchi yetu unaihitaji kuliko mashine yoyote.

Jambo lisilo na udhuru ni mashine kufunikwa kitambaa na kufungiwa ofisini, ikasubiri wageni. Kompyuta iliyoletwa kwa ajili ya wanafunzi ikageuzwa kuwa ya kuandikia barua za shule imechukuliwa kutoka kwa mwenyewe. Waratibu na wakaguzi wa elimu, nawasihi mnapotembelea shule msihesabu mashine peke yake. Ulizeni daftari la zamu za wanafunzi, kisha mwombeni mwanafunzi mmoja awaonyeshe alichokifanya wiki iliyopita.

Nne, tusirudie ubaguzi wa zamani. Kulikuwa na desturi ya kuona kwamba upigaji chapa ni kazi ya wasichana, na kuisimamia ofisi ni kazi ya wanaume. Sura ya desturi hiyo imebadilika, lakini haijafa. Katika chumba cha kompyuta mara nyingi mvulana ndiye anayekaa mbele ya mashine, na msichana anasimama nyuma akitazama. Utaratibu wa zamu unaoandikwa na kufuatwa ndio dawa yake. Mawaidha matupu hayatoshi.

Tano, tufundishe uaminifu na tahadhari. Ni nani kati yetu ambaye hajapata ujumbe wa simu kutoka kwa mtu asiyemjua, ukimwambia ile fedha aitume kwenye namba hii? Wanaoibiwa kwa hila hiyo ni wazazi wa wanafunzi wetu. Nchi inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kijana anayemaliza kidato cha nne ajue kwamba namba ya siri haiazimwi, na kwamba orodha ya wateja na madeni yao ni amana. Ajue pia kwamba maarifa ya kompyuta yakitumiwa kumdhulumu mnyonge ni wizi kama wizi mwingine.

Mwisho, lugha. Masomo haya yanafundishwa kwa Kiingereza, na mitihani ni ya Kiingereza. Lakini biashara ya nchi hii inafanywa kwa Kiswahili, na mkutano wa chama cha ushirika unaendeshwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi ajuaye mizania kwa Kiingereza tu hawezi kumweleza baba yake kwa nini chama kimepata hasara. Maneno tunayo: stakabadhi, ankara, mtaji, urari, mizania, riba, uchakavu. Tuyatumie. Kila muhula mwanafunzi apewe kazi moja ya kuwaeleza watu wa nyumbani kwao, kwa Kiswahili safi, hesabu aliyoifanya shuleni.

Ndugu Mwenyekiti, somo hili litapimwa kwa vyeti, na ni sawa vyeti vitolewe. Lakini kipimo chake cha kweli kitaonekana siku ya mkutano mkuu wa chama cha msingi, pale kijana aliyesoma katika shule ya kata ya jirani atakaposimama na kusema, kwa adabu na bila woga, kwamba jumla ya ukurasa wa tatu haikubaliani na stakabadhi alizonazo, na akaomba vitabu vifunguliwe. Tukipata kijana mmoja wa namna hiyo katika kila kijiji, kodi ya wananchi iliyonunua mashine zile itakuwa imerudi kwa wenyewe.