Somo la Sita: Pikipiki za Zamani na Mguu Uliozoea

Leo tutajifunza habari za pikipiki za zamani: jinsi ziwashwavyo, jinsi ziendeshwavyo, na kwa nini dereva hodari wa bodaboda aweza kuanguka nazo katika dakika ya kwanza.

Mtu wa Segese anaijua pikipiki. Ndiyo impelekayo Kahama na Bulyanhulu. Ndiyo ibebayo gunia la mpunga, na usiku humbeba mgonjwa. Karibu pikipiki zote zifanyazo kazi hiyo leo, ziwe za India au za China, zimepangwa namna moja. Klachi iko mkono wa kushoto, na gia mguu wa kushoto. Breki ya mbele iko mkono wa kulia, na breki ya nyuma mguu wa kulia. Vijana wengi hudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Sivyo.

Pikipiki za Waingereza, kama vile BSA, Triumph na Norton, kwa miaka mingi zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki mguu wa kushoto. Za kale zaidi gia yake ilikuwa fimbo kando ya tangi, nayo ilisukumwa kwa mkono. Marekani iliagiza kwamba pikipiki zitakazouzwa kwao kuanzia toleo la mwaka 1975 ziwe na gia kushoto, na viwanda vya Uingereza vikafuata. Lakini Royal Enfield Bullet za India ziliendelea kuwa na gia kulia hata baada ya mwaka 2000. Basi mashine ya namna hiyo yaweza kutokea popote, hata katika ghala la babu yako.

Sasa tuangalie jinsi ya kuiwasha. Tuchukue mfano wa BSA M20, iliyotumiwa sana na majeshi ya Uingereza katika vita vya 1939 hadi 1945. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 496, na nguvu zake ni za farasi 13 tu. Kwenye usukani utaona vijiti ambavyo pikipiki yako haina. Kimoja ni cha hewa, kingine ni cha cheche, na kingine ni cha kuachia pumzi ya silinda.

Cheche ni nini? Ni moto mdogo wa plagi uwashao petroli. Petroli haiungui yote mara moja; huhitaji muda kidogo. Kwa hiyo injini ikienda mbio, cheche lazima itangulie, kabla pistoni haijafika juu. Lakini wakati wa kuwasha, injini huzunguka polepole. Cheche ikitangulia hapo, pistoni husukumwa kinyume, na kiki hurudi kwa nguvu. Imewavunja watu vifundo vya miguu. Wale miongoni mwenu mnaowasha mashine ya kusaga kwa hendeli mnaelewa vema: hendeli ikirudi, si mchezo.

Basi fuata taratibu hii. Fungua petroli. Funga hewa ikiwa injini ni baridi. Chelewesha cheche. Vuta kijiti cha pumzi, ukanyage kiki polepole mpaka mzigo upite, kama mfanyavyo kwenye mashine ya kusaga. Achia kijiti. Kisha kanyaga kwa nguvu moja, mpaka chini. Injini ikiisha kushika, wahisha cheche na kufungua hewa kidogo kidogo. Ukipanda kilima ukasikia injini inagonga, chelewesha cheche kidogo, au rudi gia ya chini.

Ziko pia pikipiki kama BSA Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948. Hiyo mafuta yake ya kulainisha huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Ukiiwekea petroli tupu, pistoni itakwama. Tena usiteremke mlima mrefu huku umefunga resi kabisa, maana petroli isipoingia, na mafuta hayaingii. Fungua resi kidogo mara kwa mara.

Sasa nifikie jambo kubwa la somo hili. Mbuzi akikatiza njia, wewe huketi ukafikiri. Mguu wa kulia hushuka wenyewe kutafuta breki. Katika pikipiki ya zamani mguu huo hukanyaga gia, na mashine haipungui mwendo. Na ukitaka kubadili gia kwa mguu wa kushoto, unafunga gurudumu la nyuma ghafla, ukiwa kwenye mchanga. Ustadi wako wa miaka kumi ndio unaokuangusha. Wahenga walisema kweli: mazoea yana taabu.

Dawa yake ni mazoezi. Kwanza, keti juu ya pikipiki iliyozimwa, ukatafute breki na gia mara nyingi, huku ukizitaja kwa sauti. Pili, jifunze katika uwanja mtupu, si barabarani. Tatu, uliza gia ya kwanza huenda juu au chini, kwani hutofautiana. Nne, kumbuka kwamba breki ya mkono wa kulia haikuhama. Itegemee hiyo, lakini acha nafasi kubwa mbele yako, maana breki za zamani ni dhaifu. Tano, usimpakie mtu yeyote mpaka mguu wako umesahau na kujifunza upya. Roho ya abiria si ya kujifunzia.

Na ukirudi kwenye pikipiki yako ya kazi, fanya zoezi la kwanza tena kabla ya kuondoka.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini cheche icheleweshwe wakati wa kuwasha?
2. Mguu wa kulia hufanya kazi gani katika BSA, na kazi gani katika pikipiki yako?
3. Kijana akiomba pikipiki ya babu ampeleke mgonjwa Kahama usiku huu, mtamjibu nini?

Someni, mjadiliane, na mwenye kujua amfundishe asiyejua. Kwaherini.