Faili la Mwalimu ni Amana



Sisi tunaosomesha madrasa hapa Manzese tumekabidhiwa pia mambo ya watumishi wa taasisi: mikataba, likizo, posho na michango ya NSSF. Ni kazi isiyoonekana. Mfadhili huuliza kama jengo limefika lenta. Ni nadra kuuliza mwalimu analipwaje.

Mwaka jana alitujia ustadha mjamzito akiomba likizo. Tulifungua kabati, hatukukuta faili lake. Miaka sita alisomesha kwa ahadi ya mdomo, nasi tumo katika lawama hiyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mzazi siku 84 zenye malipo, na inamtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Baadhi ya wajumbe wakasema: “Huyu anafanya fii sabilillahi.” Tukawauliza: je, mwenye nyumba wake naye anampangisha fii sabilillahi? Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inahusu kuandika madeni. Na ujira usiolipwa ni deni.

Alilipwa, kwa mafungu matatu. Walimu wanane waliobaki mikataba yao tumekwisha kuiandika. Inasubiri sahihi ya mwenyekiti, ambaye yupo nasi hapa leo.