Filta ya Maji Nyumbani: Usisahau Ndoo ya Chini

Leo tuko na wenzetu wa Naro Moru na miji mingine inayouzunguka Mlima Kenya, ingawa maneno haya yatamfaa kila mwenye filta ya maji jikoni.

Mto Naro Moru huanzia juu mlimani, upande wa Bonde la Teleki, ukapita msituni hadi ukafika kwetu. Ndiyo maana utasikia mtu akisema, "Maji ya mlima hayana neno." Huko yanakoanzia, labda. Lakini kabla ya kufika kwako yamepita mahali ng'ombe wanakunywa na mvua inakoga mashamba na vyoo, na si kila mradi wa maji huyasafisha kabla ya kuyaleta nyumbani. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, huhitaji kuambiwa. Unafungua mfereji na maji yanatoka rangi ya chai.

Kwa hiyo umenunua filta, na umefanya vizuri. Tunasema juu ya ile ya ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Katika ndoo ya juu mna kitu cheupe cha udongo uliochomwa, kinachoitwa mshumaa kwa sababu ya umbo lake. Maji hupenya katika vitundu vidogo sana vya udongo huo, uchafu na vijidudu vingi vikabaki nje, na maji safi yakadondoka katika ndoo ya chini yenye mfereji.

Sasa sikiliza, mama. Mshumaa ukiziba, maji hayashuki, na utauosha upende usipende. Ndoo ya chini haizibi. Inaonekana safi, kwa hiyo inaachwa miezi. Kumbe maji yakishachujwa hayana mlinzi tena. Kijidudu kinachoingia humo chini, kwa mkono uliotoka kubadilisha nepi ukashika mfereji, au kwa kikombe kilichochovywa ndani, kinakwenda moja kwa moja kwa mtoto. Na mtoto mdogo anayejifunza kutembea, mnamjua, hupenda kunyonya ule mfereji kama titi.

Ndoo ya chini ioshwe kila wiki. Ifanye siku moja maalumu, pengine Jumamosi unapofua. Nawa mikono kwa sabuni kwanza. Mwaga maji yote, osha ndani kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kisha ufungue mfereji na kuusugua ndani kwa brashi ndogo, maana utelezi hupenda kujificha humo. Suuza kwa maji yaliyochemshwa au yaliyochujwa, si yale ya mtoni, usije ukarudisha ulichokiondoa. Usipanguse kwa kitambaa cha jikoni. Kitambaa hicho kimefuta meza, kimefuta sufuria, pengine na pua ya mtoto. Ifudikize ikauke yenyewe mahali safi. Na filta isikae juani, huota ukijani ndani.

Mshumaa nao una masharti yake. Usitumie sabuni, kwa sababu udongo hufyonza sabuni na utainywa wiki nzima. Usitumie maji moto, unaweza kupasuka. Ushike chini ya maji safi na kuusugua taratibu kwa mswaki mpya uliotengwa kwa kazi hiyo tu, hadi weupe urudi. Ile shingo ya chini, yanakotokea maji yaliyochujwa, isiguswe na vidole vichafu wala maji machafu. Ukiurudisha, kaza nati kwa mkono, usikaze kwa nguvu, shingo huvunjika. Maji ya kwanza yatakayochujwa, mwagilia sukuma wiki. Kama filta yako ni ya aina ya chungu, ile iliyobuniwa na Fernando Mazariegos kule Guatemala mwaka wa 1981, uchafu hukaa ndani ya chungu, kwa hiyo sugua ndani.

Kuna jambo linalowadanganya wengi. Filta iliyokuwa ikichuja polepole inaanza ghafla kujaa haraka, na mama anafurahi. Usifurahi. Mara nyingi mshumaa umepata ufa, au mpira wa chini umelegea, na maji yanapita bila kuchujwa. Jaribu hivi: tia maji kidogo tu katika ndoo ya juu, yafike kwenye kitako cha mshumaa na yasiguse udongo wenyewe. Yakidondoka chini, mpira unavuja. Na ukiona ufa, hata mwembamba kama unywele, mshumaa huo umekwisha. Hauzibwi kwa gundi.

Msimu wa mvua, usimimine maji ya matope moja kwa moja. Yaache yatulie usiku kucha katika ndoo iliyofunikwa, kisha uyamimine taratibu kupitia kitambaa safi, ukiacha tope chini. Mshumaa utakaa siku nyingi zaidi kabla ya kuziba.

Hata filta nzuri haizuii kila kitu. Virusi ni vidogo mno, baadhi hupita. Kwa hiyo maji ya mtoto mdogo au mgonjwa yachemshwe baada ya kuchujwa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Naro Moru tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na maji huchemka kama kwenye nyuzi 93. Ndiyo maana maharagwe yetu huchelewa kuiva. Acha maji yatokote dakika 3. Floraidi ya maji ya visima vya kuchimbwa, ile inayotia meno rangi ya kahawia, haiondoki kwa filta hii wala kwa kuchemsha. Na mtoto ambaye hajafika miezi 6 hahitaji maji yoyote, maziwa ya mama yanamtosha.

Mtoto akihara, mpe ORS iliyochanganywa kwa maji safi kama pakiti inavyosema, na uendelee kumnyonyesha na kumlisha. Kituo cha afya kitakupa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Mpe vyote, hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Lakini macho yakididimia, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akilegea asiamke vizuri, au ukiona damu kwenye choo chake, usingoje kupambazuke. Mfunge mgongoni uende.