Idi Pili, Twendeni Bamburi



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, Idi inabisha hodi. Mipango yetu naijua: Mama Ngina, aiskirimu, bembea, mpaka Magharibi inatupita. (Msinune, na mimi nimo.)

Safari hii vukeni daraja la Nyali mwende Haller Park. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, kilichoanza kazi mwaka 1954. Mawe yalipokwisha likabaki shimo jeupe, udongo hakuna, maji ya chini yana chumvi. Mwaka 1971 Bwana René Haller akaanza kupanda miti humo. Mingi ikafa, mvinje ukashika. Lakini majani yake yakianguka hayaozi upesi, basi udongo utoke wapi? Akaletwa jongoo! Huyu huyu tunayemtupa na mti wake. Akayatafuna, na kinyesi chake kikawa ndio mbolea. Leo mtu anatembea njia za msituni, kivulini.

Katika Sura Yasin, aya ya 33, Allah (S.W.) anatutajia ardhi iliyokufa akaihuisha, ikawa ni ishara. Twaisoma kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Sasa mpeleke mwanao akaione kwa macho. Muonyeshe jongoo, kisha umuulize: kazi ile kafunzwa na nani?

Tokeni mapema, chukueni miswala na maji ya udhu, Adhuhuri isiwapite njiani. Na makaratasi ya viazi karai mrudi nayo nyumbani.

Wabillahi tawfiq.