Nyimbo Zilizotoka Vitani na Jioni Zetu za Zilizopendwa

Maongezi ya mwalimu mkimbizi mbele ya Kamati na wenyeji wa Rwezamenyo, Kigali



Nimeombwa niseme juu ya jioni zetu za nyimbo za zamani. Wapo kati yetu wanaotaka jioni hizo zikomeshwe. Wanasema mkimbizi anayecheza dansi amewasahau waliobaki nyuma. Neno hilo ni zito, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima.

Tuanze na asili ya muziki wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walianzisha ngoma ya beni, kwa kuiga bendi za tarumbeta za Wazungu: gwaride, sare na vyeo. Ilipokuja vita ya 1914-1918, askari na wapagazi waliibeba beni hadi bara, upande wa Waingereza na upande wa Wajerumani. Wapagazi walikufa kwa maelfu, kwa njaa na maradhi. Waliopona walirudi makwao na ngoma hiyo. Kiswahili nacho kilipita njia za namna hiyo. Kile cha Biryogo, Nyamirambo na Rwezamenyo kilifika Kigali pamoja na askari na wafanyabiashara wa wakati wa Wajerumani.

Katika vita ya pili, askari wa Kongo walipigana Uhabeshi hadi kuiteka Saïo mwaka 1941. Mwaka 1944 askari wa KAR walikuwa Burma, katika misitu yenye mvua na malaria. Jeshi liliunda kikosi cha burudani, na ndani yake alikuwamo Fundi Konde, kijana wa pwani ya Kenya, na gitaa lake. Ndugu zangu, jeshi halina kawaida ya kupoteza posho kwa anasa. Lilijua kwamba mtu aliye mbali na kwao, akikosa wimbo wa lugha yake, huvunjika moyo kabla risasi haijamfikia.

Baada ya vita magitaa na saksafoni zilishika kumbi za miji. Dar es Salaam Jazz ilikuwapo tangu 1932. Mwaka 1948 Salum Abdallah aliunda Cuban Marimba pale Morogoro, kwa mapigo yaliyotoka kwenye santuri za Kuba. Kwetu Kongo, mwaka 1952, Hugh Tracey alinasa gitaa la Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi. Wimbo wa Kiswahili ulivuka mpaka bila kuulizwa kitambulisho.

Sasa nijibu. Wenyeji wetu huziita nyimbo zao za zamani karahanyuze. Wanacheza kwa sauti ya André Sebanani wa Orchestre Impala, aliyeuawa mwaka 1994 katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Nani atawaambia kwamba wamemsahau? Kila wakipiga wimbo wake wanamtaja. Na sisi tuna watu wetu wa kutajwa. Mtoto aliyezaliwa kambini hajaiona Uvira wala Bukavu. Huenda akalisikia jina la mji wa baba yake kwa mara ya kwanza katika wimbo anaoupenda babu.

Lakini tusijidanganye. Mwaka huo huo wa 1994 redio ya RTLM ilipiga nyimbo katikati ya maneno ya chuki. Muziki humfuata anayeushika. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, wimbo wowote unaotukana kabila usipigwe, hata kama mapigo yake ni matamu.

Pili, kabla ya kila wimbo mzee mmoja asimame aseme aliusikia wapi, na alicheza na nani. Wanafunzi wangu wako tayari kuyaandika hayo katika madaftari, kwa maana mwaka hadi mwaka wazee wanapungua.

Tatu, jioni zianze mapema na zimalizike mapema, bila pombe, ili kina mama na watoto wawepo. Mwenye msiba tumtembelee kwanza, tumwombe ruhusa.

Tukifanya hivyo, anayetuona tukicheza hatasema tumesahau. Ataona watu wanaokumbuka kwa miguu, kwa sababu vitabu vyao viliachwa nyumbani.